Waliokuja Kuulizia Choo

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, ukumbi wa jengo la utawala la chuo bado unanukia sabuni. Mwanamke mwenye kilemba cha buluu na kitita cha funguo kiunoni anapiga deki huku akirudi kinyumenyume hadi mlango wa mwisho, chumba namba tisa. Anaufungua, anaweka ndoo pembeni, anaanza kupanga viti. Viko kumi na vinne, na hakuna hata viwili vinavyotazamana.

"Ukimkalisha mtu uso kwa uso na mtu asiyemjua, anadhani yuko polisi," anasema bila kuinua kichwa.

Kabla hajamaliza, mlango unagongwa. Msichana mrefu, wa mwaka wa kwanza kwa jinsi anavyoonekana, anachungulia. Mkanda wa mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo. Samahani, naulizia choo."

"Marahaba, mwanangu. Choo kipo, hakihami. Chagua kiti kwanza."

Msichana anachagua kiti cha karibu na dirisha. Habari za choo haziulizi tena.

Chuoni hapa mwanamke huyu anaitwa Shangazi. Ana miaka arobaini na minane na ni mhudumu wa ofisi. Barua yake ya ajira inasema afagie, apige deki, achemshe chai na atunze funguo. Mshahara wenyewe, kwa maneno yake, "ukifika tarehe kumi na nane unakuwa historia." Hakuna mstari unaomtaka awazuie wanafunzi wasikate tamaa na kurudi kwao. Lakini ukitaka kujua kwa nini chumba namba tisa kinajaa watu siku hizi badala ya kujaa viti vilivyovunjika miguu, huna budi kuanzia kwenye habari ya choo.

Mwaka jana chumba hiki kilikuwa karibu kufungwa. Kilikuwa ofisi ya kuwasaidia wanafunzi: aliyeelemewa na masomo, aliyekosa kitanda bwenini, mgonjwa, mpweke. Ndani alikaa mshauri, mwanamke wa miaka thelathini na miwili mwenye shahada mbili na moyo wa kazi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa mia nne na kumi. Kwa wiki nane, waliojiandikisha kuonana naye walikuwa tisa.

"Nilianza kudhani mimi ndiye mwenye kasoro," anasema mshauri. "Nilinunua hadi maua ya mezani. Maua yakanyauka, hajaja mtu."

Kasoro ilikuwa mlangoni. Hapo palitundikwa kibao cha shaba chenye maneno mawili: USHAURI NASAHA. Aliyekitundika alikuwa na nia njema kabisa, ila mtoto wa miaka kumi na tisa hakukisoma kama yeye.

"Nasaha ni neno la hospitali," anaeleza binti mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea upimaji ardhi. "Ukionekana unaingia pale, jioni bweni zima linajua unaumwa. Unaumwa nini, hilo wanachagua wenyewe."

Na aliyejikaza akaingia alikutana na daftari la wageni, limefunguliwa mezani, kalamu imefungwa kwa uzi. Jina. Namba ya usajili. Bweni. Safu ya mwisho iliandikwa "Tatizo". Yeyote angeweza kusoma kwamba fulani wa bweni la pili analia bila sababu. Basi mtu anasukuma mlango, analiona daftari, anamwona mshauri anasimama na tabasamu lake lote, anamgeukia Shangazi anayepiga deki nje ya mlango, na kinywa kinatoa neno la kwanza linalopatikana.

"Wa kwanza nilimwelekeza chooni," Shangazi anasimulia. "Wa pili nikamwelekeza. Alipofika wa tano nikasema, hebu ngoja. Choo kiko kule mwanzo wa ukumbi, kina kibao kikubwa hata mimi nisiye na miwani nakiona. Mtu anakipita, anatembea hatua arobaini, anakuja kukiulizia kwangu? Huyo haendi chooni."

Akaanza kuwahesabu. Nyuma ya daftari lake la sabuni alichora mstari mmoja kwa kila aliyeulizia choo. Hakumwambia mtu. Nani angemsikiliza mfagiaji mwenye hesabu za choo?

Kisha kikaja kikao. Mkuu msaidizi wa utawala, mzee mwenye sauti nzito asiyependa kupoteza kitu cha chuo hata msumari, alifungua karatasi zake akasema wazi. "Tisa kati ya mia nne na kumi. Vijana wetu hawana shida, tumshukuru Mungu. Viti vibovu vinanyeshewa mvua nyuma ya karakana. Tuvihamishie namba tisa."

Mshauri aliinamisha kichwa. Shangazi alikuwa anagawa vikombe. Mhudumu hasemi kikaoni, hilo analijua kila mtu aliyewahi kubeba sinia. Yeye akasimama na birika mkononi.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Si tisa. Ni sabini na wawili."

Mkuu msaidizi alimtazama juu ya miwani. "Hao wengine sitini na watatu walikuja kufanya nini?"

"Kuulizia choo."

Kikao kizima kiliangua kicheko. Mhasibu alicheka hadi akapaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongo. Shangazi alilitua birika mezani, akasubiri wamalize.

"Cheka tu, baba," alimwambia mhasibu. "Lakini na mimi niliulizia choo."

Hapo ndipo alipowaambia jambo ambalo hata binti yake, muuguzi, hakuwa amewahi kulisikia. Akiwa na miaka kumi na tisa alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mama yake, aliyeuza mkaa, alimshonea sare mbili. Wiki ya kwanza ratiba ilibandikwa ukutani yeye yuko kwenye foleni ya magodoro, naye akaamini kwamba wenzake wote wamepewa karatasi fulani na yeye kanyimwa. Kila akiingia darasa, si lake. Wiki ya tatu alijikaza akaenda ofisini kuuliza. Alifika mlangoni, akasoma kibao chenye cheo kirefu. Mlinzi akamuuliza anataka nini. Akasema anatafuta choo.

"Mlinzi akanionyesha kwa kidole," alikiambia kikao. "Nikaenda upande ule, nikakipita choo, nikapitiliza getini. Waheshimiwa, ni miaka ishirini na minane sasa. Bado sijarudi kutoka chooni."

Hakuna aliyecheka. Mkuu msaidizi alizikunja karatasi zake taratibu. "Mwezi mmoja," alisema. "Baada ya hapo naleta viti."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisahau kusema kwamba kuuliza kunataka pia pa kusimama usionekane. Hilo ndilo Shangazi na mshauri walilolifanyia kazi siku iliyofuata. Kibao cha shaba kiling'olewa. Mshauri alipendekeza kipya: Kituo cha Ustawi wa Mwanafunzi. Shangazi akakataa katakata. "Ustawi tena, Mwalimu? Neno hilo hata mimi linanitisha." Mlango ukabaki na tarakimu yake tu, tisa. Daftari la wageni likaingia kabatini.

Halafu ikaja hila yenyewe, na mshauri anaapa kwamba haikutoka kwenye shahada yake yoyote. Ubao wa vyama vya wanafunzi ulikuwa getini, unapigwa jua na mvua, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Shangazi aliomba ubebwe na uingizwe namba tisa. Kuanzia siku hiyo, aliyetaka kwaya, mdahalo, mpira wa wavu au drafti ilimlazimu aingie humo kuandika jina.

"Sasa kila anayeingia ana la kusema akitoka," anasema, macho yakicheka. "Wenzake wakimuuliza ulifuata nini, anasema nimekwenda kujiandikisha kwaya. Na akitaka kulia, amalizie kulia, halafu aandike jina kweli, asije akaonekana mwongo."

Wakamiminika. Kiongozi wa kwaya bado anashangaa. "Nilipata waimbaji wapya kumi na wanane," anasema. "Sita kati yao hawaimbi, wanatisha. Siwezi kuwafukuza, na wao wamegoma kuondoka. Nimewapanga mstari wa nyuma."

Lakini aliyeupa mwezi ule mtihani mkubwa alikuwa yule binti wa upimaji ardhi. Alifika Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, akauliza kwa adabu zote choo kiko wapi. Begani alikuwa na begi kubwa, zipu imekataa kufunga.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia, "mtu haendi chooni na begi la nguo."

Binti alikaa chini sakafuni akalia. Basi lake lilikuwa linaondoka saa sita. Alikuwa amepata ishirini na tatu kwa mia katika jaribio la hesabu za pembe, na tangu wiki ya pili ya muhula hakuwa ameelewa somo hata moja.

"Mwalimu wetu kila akimaliza hatua huuliza, 'Tuko pamoja?' Darasa zima linajibu, 'Tuko pamoja.' Na mimi najibu. Nilijua niliyeachwa ni mimi peke yangu."

Mshauri hakumhubiria. Alimwomba alale usiku mmoja tu zaidi, kisha Jumatano akamshika mkono hadi chumba cha juu, wanakokutana wenye kuhitaji msaada wa hesabu na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Huko binti alikuta wenzake kumi na wanne wa darasa lake. Wote walikuwa wanajibu "tuko pamoja", na hakuna hata mmoja aliyekuwa pamoja.

"Nilicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma," anasema. "Sikuwa nimecheka tangu nifike chuoni."

Begi lilibaki kwa Shangazi, ndani ya kabati la mifagio, limefungiwa kwa ufunguo. Masharti yalikuwa mepesi: ukilitaka, njoo upige hodi. Alhamisi alikuja kuchukua sweta. Ijumaa akachukua viatu. Jumatatu akachukua kila kilichobaki, akakipanga kwenye sanduku lake la bwenini. Begi tupu alimwachia Shangazi, ambaye hadi leo anahifadhi humo vitambaa vya vumbi.

Kwa kisingizio binti alikuwa amejiandikisha mdahalo, akiomba asisemeshwe. Wakampa kengele ya kukata muda. Waongeaji wakubwa wa chuo sasa wanamwogopa. Jaribio la pili la hesabu alipata sitini na moja.

Siku ya mwisho ya ule mwezi, mkuu msaidizi alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Alisimama mbele ya mlango usio na kibao, akasikia vicheko na mabishano ya drafti, na mtu aliyezoea kufungua milango yote ya chuo bila kubisha akajikuta anasema, "Hodi."

"Karibu, mzee wangu," Shangazi alijibu. "Chagua kiti."

Hapakuwa na kiti. Viti saba vya siku zile vilikuwa vimekaliwa, dirishani wameegemea wengine, na mshauri alikuwa kwenye pembe na kijana anayefuta pua. Mwezi huo walikuwa wameingia wanafunzi mia mbili na kumi na wawili.

"Viti havitoshi," alisema mkuu msaidizi.

"Si una vingine nyuma ya karakana?" Shangazi akamuuliza.

Mzee alikohoa, watu wakadhani amekasirika. Wiki iliyofuata fundi seremala wa chuo alileta viti saba, vimepigwa miguu mipya na msasa. Ahadi ya mzee ya kuleta viti namba tisa ilikuwa imetimia.

Mwaka juzi, wanafunzi thelathini na saba wa mwaka wa kwanza waliondoka kabla ya mitihani. Mwaka jana waliondoka wanane. Ukimpongeza kwa hilo, Shangazi anakunja uso. "Wanane bado ni wengi," anasema. "Na kila mmoja ana mama yake."

Halafu anafurahi, na anafurahi waziwazi, kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka mingi. Anavua kanga ya begani, anachomoa daftari la sabuni chini yake na kulifungua nyuma. Mistari iko pale, imepangwa mitanomitano, sitini na mitatu. Chini kabisa, peke yake, kwa wino mwingine, umechorwa mmoja zaidi.

Katikati ya karatasi hizo kuna barua iliyokunjwa mara nne. Ni ya kukubaliwa masomo ya jioni, cheti cha ualimu wa watoto wadogo, miaka miwili, chuo hikihiki. Ataanza muhula ujao, saa kumi na nusu, akishatua ndoo. Binti yake muuguzi alipoisoma alikwenda moja kwa moja kumnunulia mkoba.

"Nitaogopa, sana tu," anasema Shangazi. "Nina arobaini na minane, watanidhania nimekuja kufagia." Anaupitishia kidole ule mstari wa peke yake. "Huu ni wangu. Siku nikikaa darasani nitaukata. Na mwalimu akiuliza kama tuko pamoja, mimi nikiwa sijaelewa, nitanyoosha mkono niseme, hatuko."

Mlango unagongwa. Anafunga daftari, anasukuma kiti kimoja kwa mguu ili kiwe karibu.

"Karibu, mwanangu."