F1 Imeniumbua Mbele ya Mzee wa Kanisa

Jamani, leo nimejichoma mwenyewe.

Nafundisha kuprogramu kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kihesa. Mtandao unakatika hovyo, nikaamua kuingiza maelezo yote ya Python, lugha tunayojifunza, ndani ya programu tunayoandikia, tena kwa Kiswahili. Ukikwama kwenye neno, bonyeza F1, maelezo haya hapa. Bila bando!

Wiki tatu naandika. Najisifu kila kona.

Leo mzee wa kanisa kaja kutuona. Nikawasha projekta.

"Mzee wangu, chagua neno lolote."

Akachagua "while".

Nikabonyeza kwa mbwembwe. Ukutani, herufi kubwa:

"HAPA NIMECHOKA. NAENDA KUNYWA ULANZI, NITAMALIZIA KESHO."

Kumbe sikumalizia.

Na mimi ndiye niliyesimama ibadani Jumapili iliyopita kutangaza nimeacha pombe, mwaka wa pili huu!

Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Mwalimu, tangu uanze kuelezea, hapo ndipo nimekuelewa."

Mnaocheka, nishaurini basi: Jumapili niende, au niumwe?