Neno Alilokuja Nalo Baba Kutoka Kitale

Kila nikipita kwa fundi viatu na kunusa ngozi mpya, hujikuta nimerudi kwetu Myanga, jioni ile Baba aliporudi kutoka Kitale amevaa mshipi mpya. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba, na nyumbani tulimwona mara chache kwa mwaka. Aliuvua mshipi ule, akatuonyesha maneno ya Kiingereza yaliyochapwa upande wa ndani.

"Jenuini," alisoma. "Maana yake hii ni ngozi ya ng'ombe kabisa. Si karatasi imepakwa rangi."

Basi neno hilo likawa kipimo cha kila kitu. Mama mmoja kutoka Cheptais alipotuletea asali, Baba aliilamba, akafumba macho: "Jenuini! Haina sukari ya duka." Chai ikikolea maziwa, jenuini. Sisi watoto tulicheka, tukaliimba njiani kwenda mtoni.

Kisha akaanza kulitumia kwa watu, na hapo kicheko changu kikakatika. Dada yangu Nasimiyu hakumchekea mgeni asiyempenda. Aliyempenda alimkimbilia hadi njia panda. Baba alimtazama, akasema, "Huyu ni jenuini."

"Kwani mtu pia ni ngozi ya ng'ombe?" niliuliza.

"Mtu akiwa uso na roho yake ni kitu moja, huyo ni jenuini."

Nikangoja anitaje na mimi. Hakunitaja. Nikaanza kumwonea Nasimiyu wivu.

Niliamua kulipata neno lile. Nilimpelekea Baba maji ya kunawa kabla hajaomba. Hadithi yake ya bata aliyeingia chumbani kwa memsabu, mke wa yule mzungu, niliicheka kabla haijaisha. Jirani alipofiwa, nililia mpaka shangazi yetu, ambaye tulimwita Senge, akanivuta kando. "Nafula, punguza. Hata wenye msiba wanashindwa kulia." Nasimiyu hakulia, alikaa siku nzima amembeba mtoto wa marehemu. Nilijua neno litakwenda kwa nani, nikamchukia hata kwa kukaa kwake kimya.

Krismasi ikafika, na wageni wa kanisani wakajaa sebuleni. Baba alimshika Nasimiyu bega. "Huyu ndiye jenuini yangu," aliwaambia. "Na wewe Nafula, salimia wageni."

Niliweka birika chini.

"Sisalimii mtu! Kila siku Nasimiyu, Nasimiyu! Namuonea wivu mpaka tumbo inauma. Na ile stori yako ya bata haichekeshi. Mimi nilikuwa najifanya tu!"

Senge alijiziba mdomo. Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nilimsikia Baba akicheka, akicheka hadi akashika meza. "Sasa hiyo ndiyo jenuini!"

Neno nililolitamani mwaka mzima lilinijia hivyo, wageni wote wakicheka, nami nikakimbilia shambani kulia. Nasimiyu alinifuata. Hakunibembeleza. Alikaa kando yangu, akasema, "Hata mimi siipendi hiyo stori ya bata."

Likizo iliyofuata Baba alinichukua kwenda naye Kitale. Nikiwa mlangoni mwa jiko nilimwona memsabu akimfokea kwa ajili ya supu, na Baba, ndani ya kanzu yake nyeupe, akitabasamu meno yote nje. "Ndiyo, memsabu. Asante, memsabu." Tabasamu kubwa hivyo sikuwa nimewahi kuliona Myanga. Nilisimama pale na wivu wangu wa kila siku, safari hii nikimwonea yule mwanamke, kwamba Baba humfurahia kuliko sisi.

Ilinibidi nikue, niajiriwe, nitabasamu mwenyewe mbele ya watu wa kunifokea hadi mashavu yaume, ndipo nikaelewa. Tabasamu lile lilikuwa sehemu ya kazi, kama kanzu, na Baba alilivaa mwaka baada ya mwaka. Akifika nyumbani alikuwa amelichoka. Alitaka nyumba moja tu duniani ambamo hakuna mtu anayelazimika kumchekea, hata mtoto wake.