Nilimfundisha Brenda Hesabu Nisiyoijua

Makosa ni yangu, sitaki kumsingizia mtu. Jina nimelificha kwa sababu mama husoma ukurasa huu, na wateja wake pia.

Niko mwaka wa kwanza, uhandisi. Kalkulasi ilinishinda wiki ya tatu tu. Nikaanza kupiga picha maswali ya nyumbani, simu inatoa majibu, mimi nanakili. Alama zikapanda hadi wenzangu wakaniita Prof. Jamani, nililipenda jina hilo!

Mama husuka nywele Kenyatta Market. Kila aliyeketi kwenye kiti chake alisimuliwa habari zangu. Ndipo mteja mmoja wa Loresho akaomba nimsaidie bintiye, Brenda, aliyefeli kalkulasi na kubakiza mtihani wa marudio. Akianguka tena, chuo kinamwondoa. Mama alikubali kabla sijaulizwa, nami nikaona haya kusema sijui.

Jumamosi tatu nilikaa na Brenda nyuma ya saluni, simu nimeificha chini ya daftari. Siku ya mwisho simu ikaisha chaji. Brenda alikuwa ametafuta derivative ya vitu viwili vilivyozidishwa, na hesabu yake ilikuwa ndefu. Nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia yangu kando.

"Unazunguka sana. Differentiate kila moja, halafu uzidishe. Imeisha."

"Uko sure? Juu lecturer alifanya tofauti."

"Brenda, kati yetu nani ako na A?"

Akanakili. Kumbe alikuwa sahihi! Jioni hiyo nilifungua kitabu nikaliona kosa langu waziwazi. Sikumpigia. Nilijiambia huenda swali kama hilo lisije.

Lilikuja, tena mara mbili.

Brenda ameondolewa chuoni. Mamake anadhani binti aliingiwa na hofu, na juzi alinishika mikono akanishukuru kwa kujitolea. Nilienda kulia chooni.

Sasa mtihani wangu mwenyewe ni Jumatatu, na simu huachwa mlangoni. Mama naye ameshaniahidi kwa mteja mwingine. Jana Brenda akaniandikia: "Nimepata ile page yako ya red pen. Jumamosi nakuja kusukwa."



Wewe unayesifiwa kwa usichokijua, sema hujui leo, ukiwa bado na mtu mmoja tu wa kumwambia. Mimi nitasema Jumamosi, saluni ikiwa imejaa, na mama ameshika kitana.