Sauti Iliyobaki Kwenye Kaseti ya Kwaya

Wifi yangu Bernadina ni mtu wa kimya, na mimi watu wa kimya siwaamini. Kaka yangu Hhando alipotaka kumwoa nilimwambia wazi kwamba msichana anayecheka bila kuonyesha meno ana jambo. Akaniambia mimi Lukresia nimepewa mdomo wa ukoo mzima, acha wengine wapumzike. Baadaye wao wakahamia Rhotia, karibu na Karatu, kutafuta shamba. Mimi nikaolewa hukohuko kwetu Mbulu, na tukawa tunaonana Krismasi na kwenye misiba. Ndiyo maana mambo ya harusi ya mtoto wao Clemensi yalinikuta sijui lolote, mimi niliyejiita shangazi wa damu, nimeshika sahani ya pilau kama mgeni wa kualikwa.

Hhando alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta. Mtalii mmoja aliyependa supu yake alimwachia radio kaseti alipoondoka, ile yenye mpini na kitufe chekundu cha kurekodia. Hhando alipofariki, Bernadina alibaki na shamba la ngano, na maharage, na mtoto wao mmoja Clemensi, na hiyo radio. Wengine huachiwa ng'ombe.

Akawa mtu wa barua za kaseti. Wanawake wa Rhotia wasiojua kuandika walikuja kwake kusema maneno ya kumpelekea mtoto aliye jeshini au mume aliyeko Tanga kwenye mkonge. Bernadina alimkalisha mtu mezani, akabonyeza kitufe, akatoka nje na kufunga mlango, akasimama na kuku wake mpaka aitwe. Hakusikiliza. Jibu likija alimwekea mwenyewe, akatoka tena. Zilikuwa zile zama za foleni, sabuni yenyewe unaipata kwa kujuana, kaseti ndiyo usiseme, kwa hiyo kaseti ileile ilienda na kurudi, jibu likirekodiwa juu ya swali. Na kama mambo yalikuwa mazito, mwenye nayo alimwomba ayafute kabisa. Bernadina alibonyeza tena kile kitufe chekundu, chumba kikiwa kitupu, akaiacha mashine irekodi ukimya.

"Maneno yakishafika, ya nini kuyaweka?" alikuwa akisema.

Watu walimwamini kuliko walivyomwamini katekista. Hakuna aliyejiuliza kama yeye mwenyewe alikuwa na barua zake.

Alikuwa nazo. Mzee Moloimet, mnunuzi wa ng'ombe, alipanda kutoka Olbalbal, kule chini kwa Wamasai, kila mnada wa Karatu, na akishamaliza biashara alipita Rhotia, anywe chai, aondoke na kaseti ndani ya shuka. Mnada mwingine aliirudisha. Nilimwona mara moja kwa macho yangu nilipokwenda kuwasalimu, nikajua wifi kapata Mmasai wa kumliwaza ujane. Habari hiyo niliitafuna njia nzima mpaka Mbulu, na nilipofika niliigawa.

Ukweli niliupata baadaye.

Mwaka wa sitini na moja, ukame ulipomaliza ng'ombe kule tambarare, wanawake wa kifugaji walipanda huku kwetu kutafuta mahindi. Mmoja aliitwa Naisenya. Alikuwa na kichanga mgongoni, maziwa yamemkauka. Aligonga mlango wa Bernadina, ambaye alikuwa ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, matiti yamejaa yanamuuma. Bernadina hakuuliza. Alimchukua yule mtoto akamnyonyesha hapohapo mlangoni.

Naisenya alikaa nao mpaka akapata nguvu ya kurudi. Mtoto asingeiweza ile safari, kila mtu aliliona hilo, na kule chini hapakuwa na hata mbuzi wa kukamua. Wakakubaliana wanawake wawili mtoto abaki mahali pa yule aliyezikwa, na Hhando akakubali. Rhotia walikuwa wageni, nani angewahesabia watoto? Na sisi wa Mbulu tuliokuwa tumesikia mtoto anaumwa, tuliletewa salamu kwamba amepona. Mimi nilitoa kondoo wa shukrani. Kondoo mzima, jamani, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tayari udongoni.

Tangu siku hiyo Bernadina aliogopa kitu kimoja tu: Clemensi asije akajua, akamwacha. Alimlea akiwa na hofu hiyo, akamsomesha nayo, na kijana alipoanza kuota ndevu hofu ikakua naye. Lakini hakuweza kumnyima yule mwenzake habari za mtoto, na radio ilipopatikana, na Moloimet wa kulekule kwa Naisenya akawa na ya kwake, wakaanza kupelekeana sauti. Moloimet naye alikuwa mtu wa adabu. Naisenya akianza kusema, alitoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Sasa lazima nieleze jinsi Naisenya alivyokuwa akisema, maana hapo ndipo wifi yangu alipokosea. Mmasai hakurushii jambo usoni. Kwanza anakupa habari: mvua, nyasi, mbuzi aliyezaa, jirani aliyehama na boma alilohamia, na wewe unaitikia mpaka habari ziishe. Naisenya hakuona kwa nini mashine ibadilishe adabu. Alitoa habari, akanyamaza kidogo Bernadina aitikie, na Bernadina kweli aliitikia, peke yake chumbani na kichwa ameinamisha. Jambo lenyewe, yaani mtoto, lilikuja mkiani, utepe ukikaribia kuisha. Halafu Bernadina alirekodi yake juu, na maneno ya Naisenya yakapotea, kaseti baada ya kaseti, miaka yote hiyo.

Mwaka wa themanini na tatu, kabla ya mvua, Moloimet alikuja, akaweka kaseti mezani na hakugusa chai.

"Yule mama aliyesema humo hayupo tena," alisema. Jina hakulitaja. Kwao jina la marehemu haliitwi.

Bernadina aliisikiliza mara moja tu, akaificha chini ya nguo za kanisani. Mwaka uliofuata Clemensi akachumbia. Nyumba ikaanza kujaa wakwe na mashangazi wenye mikono mirefu, na mimi mmoja wao, nakiri nilifungua kila sanduku. Wifi akaona kaseti ile haiwezi kukaa. Wakati huohuo Piusi, mwalimu wa kwaya, alikuwa akihangaika kutafuta kaseti ya kurekodia nyimbo za harusi, na Karatu nzima hamna, Arusha hamna. Bernadina akampa ile. Aliona ni ufutaji mzuri kuliko wa ukimya, nani angetafuta siri chini ya kwaya?

Alikaa kanisani wakati wakirekodi. Nyumbani akairudisha mwanzo, akasikiliza: kwaya. Akasogeza mbele kidogo: kwaya. Akatua mzigo. Alifuta kama alivyozoea kufuta barua za wanawake wa Rhotia, ambao jambo lao hulitoa kabla hata hawajakaa vizuri kwenye kiti. Ukifuta mwanzo wa mtu kama huyo, umemfuta wote. Kwaya ya Piusi nayo iliimba nyimbo zake chache, ikaenda kunywa chai. Kilichofutika kilikuwa mvua na mbuzi.

Siku ya harusi turubai lilifungwa uani, radio ya Bernadina ikaunganishwa na spika ya parokia kwa betri ya gari. Kaseti ya kwaya iliwekwa wakati wa kula. Nyimbo zikaisha, Piusi mwenyewe yuko kwenye foleni ya nyama, hakuna aliyejali kuizima. Spika ikawa inavuma tu. Mimi nilikuwa namwambia mtu kwamba mchele haujachambuliwa.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka, nzito, ya taratibu, ikajaa ua mzima.

"Bernadina, habari za ng'ombe zimeisha. Sasa habari ya kijana."

Watu wakacheka, walidhani ni mchezo wa Piusi. Nikamtafuta wifi kwa macho. Alikuwa mbali, mlangoni mwa jiko, na sinia mkononi, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliye hai.

"Moloimet anasema Clemensi anatafuta mke. Nimefurahi. Mimi nilizaa, wewe ulinyonyesha, mimi ziwa lilikauka. Sidai kitu." Akanyamaza, ile nafasi ya kuitikia. "Nilipanda mnada wa Karatu. Nikamwona anauza maharage. Nikanunua. Sisi maharage siyo chakula chetu, nilinunua nione mkono. Kile kidole kidogo kimepinda, kama cha baba yake."

Clemensi alikuwa amekaa meza ya mbele na bibi harusi. Aliushusha mkono wake wa kushoto mezani, akautazama. Sote tuliutazama. Kidole hicho nimekiona tangu kijana anatambaa, na nilikuwa nikisema kakirithi kwa babu yetu. Babu yetu alikuwa na vidole vilivyonyooka kama misumari. Nikakaa chini, pilau ikamwagika kwenye gauni langu na wala sikuifuta.

"Nikiwa hai usimwambie," sauti ikaendelea. "Ataona njia mbili, atachoka bure. Lakini siku—"

Sinia lilianguka. Sijui wifi alipitaje katikati ya watu wale wote. Nilimwona tu amefika mezani, ameinamia radio, na vidole vyake vikafanya kazi vilivyoizoea miaka yote: akabonyeza kuzima, kisha kile kitufe chekundu. Spika ikanyamaza. Utepe uliendelea kuzunguka, unarekodi ukimya wetu, na kila ulipozunguka neno la Naisenya lilikuwa linaondoka.

"Mama, acha," Clemensi alisema.

Hakuacha. Ilimbidi kijana atoke mezani, amshike mikono, amtoe pale. Piusi akaja mbio na mfupa mkononi, akairudisha kaseti nyuma na kuiweka tena. Tukasikia, "Lakini siku," halafu mlio wa kitufe, halafu sisi wenyewe: mtoto akikohoa, na Clemensi akisema, "Mama, acha." Baada ya hapo utepe ukaisha.

Nimeona misiba mingi. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wamekaa bila mmoja kujua aweke wapi macho yake. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshika glasi karibu na mdomo, hanywi wala haishushi. Mzee Moloimet, aliyealikwa kama rafiki wa marehemu kaka yangu, alijifunika kichwa kwa shuka.

"Alikuwa anasema nini?" Clemensi aliuliza.

Bernadina akaifunga upya khanga kiunoni.

"Siku gani, mama? Siku, halafu?"

Hapo nilimwombea wifi yangu uongo, Mungu anajua. Kilichokuwa kwenye kaseti kimekwisha. Moloimet hakuwahi kusikiliza. Naisenya yuko kaburini. Hakukuwa na binadamu wa kumsuta. Angeweza kusema, siku akioa mpe salamu, na watu wangelia, na pilau ingeendelea.

"Alisema siku atakayokufa, nikuambie," Bernadina alijibu. "Kwamba hataki upite kwenye nchi yake bila kujua unapita kwenu. Alisema nikuapie kwamba hakukutupa."

"Na amekufa?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

Clemensi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua koti la harusi, akaliweka juu ya kiti taratibu, akaenda kuchuchumaa mbele ya Moloimet. Alimwuliza kitu kwa sauti ya chini, mzee akatikisa kichwa kukubali. Bibi harusi alikwenda kusimama nyuma ya mumewe, na hilo nalikumbuka kwa heshima. Asubuhi wale watatu waliondoka kwa lori la mnada kushuka Olbalbal, na kijana hakuaga.

Alirudi, nalisema mapema msije mkanisumbua. Alirudi baada ya siku nyingi, amekonda, akampita mama yake mlangoni, akachukua jembe akaenda shambani, na jioni akaingia akaomba chakula. Wameishi hivyo, maneno machache, mpaka leo. Ile kaseti anayo yeye, kile kipande kifupi cha sauti, na hamwazimi mtu.

Lakini zile siku za kumsubiri nilibaki Rhotia, maana singeweza kumwacha wifi peke yake, na nilikuwa nimejaa hasira. Hasira ya kondoo, hasira ya kidole cha babu, hasira ya kufichwa. Tulikuwa tunachambua maharage mlangoni, naye hatoi macho barabarani. Nikashindwa kujizuia.

"Ulikuwa umeshaifuta," nilimwambia. "Yote. Hakuna aliyemsikia Naisenya akimaliza. Kwa nini hukusema jambo lingine ukabaki na mtoto wako?"

Bernadina alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa swali. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Lukresia," alisema, "nimfute mara ngapi?"