Hotuba Niliyoilea Miaka Mitatu

Kwa miaka mitatu nilikuwa naacha kazi kila asubuhi, kati ya nyumbani kwangu na kituo cha maparachichi, na nilikuwa naiacha vizuri sana. Asubuhi huku Kisondela ukungu unakuwa mzito, na mtu akikusikia njiani unaongea peke yako anadhani unasali. Mimi nilikuwa nampa meneja vidonge vyake. Nilianza kwa upole, "Bosi, nina maneno mawili tu," halafu nikamshushia mengine yote. Nilishapanga hadi mahali pa kunyamaza ili yamwingie. Siku nyingine, kichwani mwangu, nilipanda bodaboda, nikamwambia dereva azunguke kituo mara mbili huku anapiga honi, nami nimeinua juu ile kofia ya wavu tunayovalishwa kazini. Siku za mvua hotuba ilikuwa kali zaidi. Siku za mshahara ilifupika, sitaki kudanganya.

Nilikuwa nakusanya pia habari za walioacha kazi kwa namna ya kukumbukwa, kama wanawake wengine wanavyokusanya vitenge. Kulikuwa na karani wa ofisi moja pale mjini Tukuyu aliyetundika sweta lake kwenye mgongo wa kiti, akatoka. Kwa baridi ya Tukuyu, sweta likiwa kitini maana yake mwenyewe yupo, ametoka kidogo tu kunywa chai. Walimsubiri siku nne, wateja wakiambiwa wakae kwenye benchi, wakati yeye alishafika Mbeya anauza viatu. Halafu mpishi wa shule huko Lufingo, ambaye walimu walizoea kumtania kwamba anapikia ng'ombe. Siku yake ya mwisho hakumwaga kitu wala hakuzidisha chumvi. Aliyaunga maharage kwa karanga, akapika kwa moyo wake wote, walimu wakajilamba vidole, ndipo akavua aproni na kuaga. Aliniambia alitaka wajue walichokuwa nacho. Huyo nilimheshimu kuliko wote.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Mkulima anafika na matunda yake, iwe kwa bodaboda au kichwani, nami natazama kama kikonyo kimeachwa, kama tunda limechubuka, kama limekomaa. Kukomaa hakuonekani kwa macho. Unachagua tunda moja moja hapa na pale, unakata, unatazama ngozi ya kokwa. Ikiwa ya kahawia, tunda limekomaa. Ikiwa bado nyeupe, mwenye shamba amekuwa na haraka, na kreti inarudi nyumbani. Nilikuwa naijua kazi hii, nina cheti chake cha chuo cha kilimo, na niliipenda. Nilichokuwa nataka kuacha ni meneja.

Alitoka mikoa ya kaskazini, nimemzidi umri kwa miaka kama minane, na alikuwa anatuita kwa kupiga mluzi. Wazee waliozaa watu wa rika la baba yake aliwaambia matunda yao ni takataka. Hakuwa mwizi wala mlevi, na hesabu zake zilinyooka. Alikuwa tu hajui kuwa na watu. Nilivumilia kwa sababu moja: mume wangu alishafariki, na nilikuwa na mabinti wawili sekondari ambao hawana mwingine wa kuwasomesha. Mtu wa namna hiyo haachi kazi. Anaacha kichwani, kisha anavaa kofia ya wavu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Rungwe hahitaji kuelezwa. Kwetu, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haongei naye, hapandishi sauti mahali ambapo mzee atasikia. Wakiwa njia moja, mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Wazee wanaita ukutila, yaani kuogopa, lakini ni kuogopa kwa heshima. Siku hizi wasichana wengi wanacheka, hasa wa mjini, na wapo wanaokaa meza moja na wakwe zao na hakuna mbingu iliyoanguka. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilicheka. Nikasema nitafanya mwezi mmoja, mama mkwe afurahi, halafu basi.

Sikuacha, na si kwa woga. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na tangu siku ya kwanza alibeba nusu yake ya mzigo huu. Kila alipokaribia nyumba yangu alikohoa tangu kwenye mfereji, akasimama, akahesabu kimoyomoyo, ndipo akaja. Mkungu wa ndizi aliuacha kwenye kona ya nyumba, nikauchukua akishaondoka. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikaa kikao kuhusu shamba, na mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta nasikia wanavyonigawa. Mzee aliwaacha wamalize. Kisha akasema nyumba ile ina mwenyewe, na mwenyewe hajafa, na kikao kikaisha. Sikuweza kwenda kumshukuru. Nilimtuma mama mkwe, naye akarudi na jibu kwamba mzee amesikia. Mpaka leo sijui vizuri sura ya mtu aliyeniachia ardhi ninayolala juu yake. Heshima si utumwa, wanasema, na mimi nilikuwa nimeipata hiyo heshima kwa kipimo kilekile nilichokuwa nakitoa.

Kwa hiyo mzee alipoanza kuleta maparachichi kituoni, tulipanga na mwenzangu. Tulikuwa wakaguzi wawili. Yeye ni Mwislamu wa Tukuyu mjini, mume wake ana duka la vyombo, na mambo yetu ya wakwe alikuwa anayaona kama sinema, lakini alielewa haraka. Mzee akitokea barabarani, mimi naingia nyuma ya rundo la kreti, yeye anakagua. Akimaliza ananiita, "Dada, njoo, mvua imepita," hata kama jua linawaka.

Meneja alituona. Alituona mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akapiga mluzi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua inanyesha, foleni ya wakulima imejaa barazani. Mzee alikuwa wa kwanza, amesimama mlangoni na kreti zake nne, amezifunika kwa viroba. Mimi nilishageukia ukuta.

"Huyu mzee ni nani kwako?" meneja akaniuliza.

"Baba mkwe," nikasema chinichini.

"Ndiyo maana. Akija wewe unapotea, mwenzako anampitisha. Mnadhani mimi kipofu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa sauti ya chini, huku nimeutazama ukuta, kwamba hakuna mchezo wowote, kwamba kwetu mkamwana hafanyi hivyo, kwamba mwenzangu anakata matunda yake kama ya mtu mwingine yeyote. Mwenzangu naye akaapa. Nakubali kwamba mgeni angeweza kukosea pale. Mtu aliyezoea kulinda mzigo akiona mkaguzi anajificha ndugu yake anapofika, atafikiri wizi. Hilo kosa ningelisamehe. Kilichofuata sikukisamehe.

Alicheka. Akasema karne hii, mtu mwenye cheti, anaogopa mzee wa migombani. Akachukua kisu changu mezani, akakishika upande wa bapa, akaninyooshea mpini.

"Leo utakagua wewe, mbele yangu. Yakiwa machanga utamwambia mwenyewe, machoni. Hutaki, kazi huna."

Maji yalinifika shingoni. Hotuba yote ilipanda, neno kwa neno, na mahali pa kunyamaza pakiwa palepale nilipopapanga. Miaka mitatu ya kujiandaa, watu zaidi ya ishirini barazani wa kusikiliza, na meneja amesimama ninapomtaka. Nikafungua mdomo. Na hatua tano nyuma yangu alikuwa amesimama mtu pekee duniani ambaye siwezi kupandisha sauti mbele yake.

Nikaufunga. Nisiseme uongo, niliumia. Niliona hotuba yangu inakufa na hakuna hata aliyejua kwamba iliwahi kuzaliwa.

Nilivua koti jeupe. Nikalikunja, nikaliweka juu ya mzani, na kofia ya wavu juu yake. Meneja akaniuliza ninafanya nini. Nilikuwa nimeshaacha kazi. Lakini banda lile lina mlango mmoja, na mlangoni alikuwa amesimama baba mkwe, na nyuma yake foleni, na nyuma ya foleni mvua. Sikuweza kutoka bila kupita kifuani pake. Nikabaki nimesimama, nimejifunika kitenge kichwani, uso ukutani, na meneja akaelewa kwamba nimekwama. Akasema, "Haya, toka basi. Si umekataa kazi? Mlango ule pale."

Hapo ndipo nilipomsikia mzee. Hakuwa akiongea na mimi.

"Kijana," alimwambia meneja, kwa ile sauti ya wazee wetu inayoongeza irabu kila neno linapokaza, "mulango wenu ni huu mumoja tu?"

"Ni huo."

"Sawa."

Kisha nikasikia kitu kinakung'utwa. Nilitazama kwa chini ya kitenge, sikuona zaidi ya kiuno. Baba mkwe wangu alikuwa amechukua kiroba kimojawapo kilichofunika kreti, kimelowa na kimejaa majani, akakikung'uta maji. Halafu viatu vyake vikakaa sawa, miguu ikajipanga kama mtu anayepigwa picha. Mwenzangu akanigusa mkono. "Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "inua uso. Amejifunika."

Niliinua. Mzee wa kanisa, mwenye koti lake la kushonesha, alikuwa amejivika kiroba cha mbolea kichwani hadi kifuani, mbele ya majirani zake wote, ili mimi nipite. Mikono yake ilikishika kwa chini kisije kikapanda. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa migomba. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na vijana wa bodaboda pale, watu wanaocheka hata msibani, na hawakucheka.

Nilipita. Nilipita polepole, kwa makusudi, kichwa nimekiinua, kwa sababu kama yeye aliweza kusimama vile basi mimi nisingetoka nikikimbia. Bega langu lilikaribia kiroba. Nilisikia anavyopumua humo ndani. Nikatoka kwenye mvua na sikugeuka, na nusu ya njia nilikuwa nalia na nusu nyingine nalaani, na sijui machozi yalikuwa yapi na mvua ipi.

Jioni mwenzangu alikuja nyumbani kunieleza yaliyobaki. Mzee aliuliza akiwa ndani ya kiroba, "Amepita?" Foleni nzima ikamjibu amepita. Akakitoa, akakikunja vizuri, akakiweka chini. Kisha akamwambia meneja, "Sasa kagua, kijana. Aliyekuwa na haya ameshatoka."

Meneja alikata mwenyewe, anasema mwenzangu. Kreti tatu zilikuwa safi. Ya nne kokwa zilikuwa nyeupe, na mzee hakubishana hata neno moja. Aliibeba akarudi nayo, kama alivyowahi kurudi na kreti mara mbili huko nyuma mwenzangu alipomkatalia. Hilo meneja hakuwahi kuuliza.

Niliambiwa mengi. Mkataa pema pabaya panamwita, walisema, na kwa miezi kadhaa pabaya paliniita kwa jina. Niliuza viazi. Niliuza vitenge vyangu. Binti mkubwa alikaa nyumbani muhula mmoja, na hilo sijalimaliza moyoni. Sasa nabebesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba, yaani naunga chipukizi la aina bora kwenye mche wa kienyeji, nauza, watu wanakuja kutoka hadi Kisiba, na mabinti wote wawili wako shuleni. Sijawa tajiri. Najikagua mwenyewe.

Meneja alinipigia mara moja, kama mwezi mmoja baadaye. Wakaguzi aliowaleta walikuwa wamemshinda. Akasema nirudi, ameshaelezwa kuhusu mila zetu, mzee akija nitaruhusiwa kutoka nje, ataandika hata kwenye ubao. Alikuwa mpole. Nilikuwa na nafasi ya kumpa hotuba yote, simu ni yangu, mzee yuko mbali shambani, na sikuitaka tena. Nilimuuliza jambo moja tu, kama ameshakwenda kwa baba mkwe wangu kumwomba radhi.

"Kwa lipi?" akauliza. "Mimi nilikukosea wewe. Yule mzee nilimfanya nini?"

Nikamwambia akikumbuka, nyumba yake kila mtu Kisondela anaijua, aende, halafu anipigie.

Mpaka leo hajaenda, nami sijarudi.