Nimeng'oa ukoka wa wife, mama mkwe akaja na ufagio

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapahapa Chanika, na chumvi sijaongeza hata punje.

Tulipohamia, wife alitaka kitu kimoja tu: ukoka mbele ya nyumba. Wa kijani, umekatwa vizuri, mtu akiingia getini aseme hapa wanaishi watu. Nikampandia.

Sasa ule ukoka una kiu kuliko ng'ombe wa kwetu bara. Na maji huku ni ya mgao, yakikatika unaita boza la maji. Ikafika siku nimeshika mpira namwagilia majani, ndani watoto wanaambiwa waoge kopo mojamoja. Roho iliniuma. Nikasema basi.

Nikaung'oa wote. Nikapanda mishubiri, mirehani, asumini pale ukutani, na vichaka vya maua vya hukuhuku pwani ambavyo havina habari na bomba. Chini nikatandaza majani makavu, tabaka nene, udongo usikauke.

Wife kurudi kazini akasimama getini, haingii. Yeye ni mtu wa Kigamboni, kwao alfajiri uwanja umeshafagiliwa mpaka unaona michirizi ya ufagio wa chelewa. Mie nimemletea takataka na makao ya nyoka! Na majirani kwenye hiyo ishu ya nyoka walimuunga mkono, wambea wale.

Tulivutana weee, miezi, mpaka mishubiri ikatoa maua na asumini ikapanda ukuta. Mwisho akatoa hukumu:

"Mama anakuja wiki ijayo. Akisema hapa ni pori, unanirudishia ukoka wangu."

Nikakubali, ningefanyaje.

Mama mkwe akaja. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akapita pale kwenye mimea kainua baibui kama anavuka dimbwi. Hakusema neno. Wenye wakwe wa pwani mnajua, ukimya ule si wa heri. Wife usiku ule alikuwa anaimba jikoni.

Asubuhi naamshwa na ufagio. Chwa, chwa, chwa.

Kuchungulia dirishani, mama mkwe kajifunga kanga kiunoni, anafagia majani yangu yote. Hakuwa na ubaya jamani. Kwao mama akienda kwa mwanawe hawezi kuamka akauacha uwanja mchafu. Ameshakusanya lundo na anaulizia kiberiti.

Wakuu, mama mkwe unamwambiaje aache? Nikatoka mbio, nikagundua nina bukta, nikarudi kuvaa suruali.

Kutoka mara ya pili namkuta kainama. Ufagio kauweka chini, anagusa udongo.

"Baba, hapa mmemwagilia saa ngapi?"

Nikamwambia mama, maji yamekatika tangu kabla hujafika, hajamwagilia mtu. Akachota udongo, akaufinya, ukashikana. Akaenda kugusa upande alioufagia mwanzo kabisa, ulioanza kupigwa na jua. Mkavu tayari.

Pale pembeni chozi, vile vindege vya mdomo uliopinda, vilikuwa kwenye maua ya mishubiri vinagombana, havina habari na sie. Mama akakaa kwenye ngazi akaviangalia. Akaniambia kwao vilikuwaga vingi, siku hizi ni ukuta na ukuta tu, na asumini ya kuvaa kwenye shughuli wanafuata sokoni.

Halafu akainuka, akaanza kulirudisha lile lundo kwa mikono. Nikainama kumsaidia. Nilikuwa na furaha nikaogopa hata kuongea, nisije nikaharibu.

Wife akatoka na chai, akabaki anatutazama. Akamuuliza mama yake anafanya nini. Mama hata hakuinua kichwa.

"Niletee kisu nikate tawi la asumini, nikapande kwangu. Na huu ufagio ukautie ndani."

Wife alininunia mpaka mchana. Jioni nikamkuta kakaa palepale kwenye ngazi, asumini kichwani, anawanyamazisha watoto wasifukuze ndege. Mie nikapita kwa kunyata.

Nilichojifunza: usibishane kuhusu uwanja kwa mdomo, mwache mtu auguse udongo mwenyewe. Na mkifanya hivi, vichaka viwekeni mbali na mlango, hiyo ya nyoka si ya kudharau.

Haya, nyie wa Gongo la Mboto na Kigamboni wenye ukoka, mnaunywesha maji gani? Na kama kuna mwenye mbegu ya ua la pwani lisilo na kiu aseme. Safari hii anayetafuta ni wife.