Mwoka mikate asiyeruhusiwa mkate

Saa kumi na moja na ushei jioni, jiko la gesi linawaka kwa nguvu zake zote na kikaango kizito cha chuma kimeanza kutoa moshi mwembamba. Mbele ya jiko kuna kigoda kirefu, kimewekwa hapo makusudi ili mpishi akalie. Mpishi hajakalia.

Anafungua friji, anaifunga bila kutoa kitu. Anafuta meza ambayo imeshafutwa. Anachungulia dirishani, anarudi, anagusa vipande viwili vya steki vilivyolala juu ya kitambaa safi, kisha anachungulia dirishani tena kana kwamba kuna mtu anamdai jibu huko nje.

"Baba, kaa," anasema binti yake, ambaye yuko sakafuni akikata kabichi nyembamba kama uzi. "Daktari alisema usisimame."

"Nikikaa njaa inanikumbuka."

"Na mguu je, hauna njaa ya kupona?"

Mwanamume anacheka, anakalia kigoda nusu tako, na kabla binti hajamaliza kabichi ameshasimama tena.

Kazini wanamwita Hamira. Anasema alipewa jina hilo wiki ya kwanza tu, kwa sababu ukimweka mahali hakawii kuumuka. Ana miaka hamsini na moja, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia mbele ya tanuri za kiwanda cha mikate: kukanda, kupanga bati, kusukuma ndani, kuvuta nje, kugonga mkate chini kwa kidole ili kusikia kama umeiva.

Leo mikate hiyo haruhusiwi kuila. Ana ugonjwa wa kisukari, na mguu wake wa kulia umeshapoteza kidole kimoja.

"Watu wakisikia hivyo wanadhani natania," anasema. "Mwoka mikate asiyekula mkate! Hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Halafu nikaingia chooni nikalia."

Nyama inaingia kwenye kikaango na sauti inajaa chumba kizima. Hamira ananyoosha mkono kuibonyeza. Binti, ambaye ameinuka kimyakimya, anampiga kidogo kwenye kiganja kwa mpini wa mwiko.

"Iache ishike rangi!"

"Naiangalia tu."

"Unaiangalia kwa vidole?"

Kuiacha, anasema Hamira, ndiko kulikomshinda tangu mwanzo. Mikono yake imezoea kushughulika. Unga hauachwi peke yake. Unakandwa, unageuzwa, unapigwa, unakandwa tena. Alipoambiwa ajifunze kupika nyama na mboga, alichukua kipande cha kwanza cha steki na kukitwanga kwa ngumi mezani kama donge la unga, akakigeuza kwenye moto kila mara, akakichoma kwa uma kuona kama kimeiva.

"Kilitoka kama soli ya kiatu," anasema mkewe, fundi cherehani anayeshona sare za shule, ambaye ndiyo kwanza anaingia na mkoba begani. "Nilikitafuna mpaka taya zikaniuma. Sikusema kitu, maana ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kunipikia chakula cha jioni tangu tuoane."

"Ulisema," anamkumbusha Hamira. "Ulisema nimtafutie huyo ng'ombe pensheni."

Aliyemtoa gizani ni mwenye bucha wa mtaa wa nyuma, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha nyuzi za nyama zinavyokwenda na namna ya kukata kwa kuzikatiza. Akamwambia aikaushe kwanza kwa kitambaa, kikaango kiwe cha moto kweli, chumvi na pilipili manga vitoshe, aigeuze mara moja tu. Ikitoka motoni ipumzike kwenye sahani kabla haijaguswa na kisu. "Sasa wewe," mwenye bucha alimwambia, "nyama itapumzika, lakini wewe utapumzika lini?"

Swali hilo lilimkuta Hamira akiwa na hali mbaya kuliko mwenye bucha alivyojua.

Mambo yalianza kazini, siku ya kawaida kabisa. Bati lililotoka tanurini lilimponyoka mwenzake na kumwangukia Hamira mguuni. Lilikuwa la moto. Wenzake walipiga kelele na kumkimbilia. Yeye aliokota mikate, akasema halijamuumiza, akaendelea na kazi.

"Niliwaambia ukweli," anasema. "Sikusikia maumivu. Nilijiona mwanamume shupavu. Kumbe mguu ulikuwa umeshakufa ganzi zamani na mimi sina habari."

Ni mkewe aliyegundua. Siku kadhaa baadaye alikuwa akikusanya nguo za kufua, akamwambia mumewe avue soksi. Soksi ikang'ang'ania.

"Nilivuta, nikaona ngozi inakuja nayo," anasema mama huyo, na hapo sauti yake inapungua. "Nikamwangalia usoni. Alikuwa anazungumza habari za mpira. Hakusikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa."

Hospitali walipima damu, wakapima tena wasiamini, wakamlaza. Kidole kidogo kilikuwa kimeharibika na kikaondolewa. Kidonda cha unyayoni, ambacho hata hakujua kuwa anacho, kilibaki wazi. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba asipotumia dawa ipasavyo, asipopunguza wanga na asipoupumzisha mguu, safari ijayo hawatakuwa wanazungumzia kidole.

Aliporudi kazini, msimamizi alimtoa kwenye tanuri na kumweka kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma, kazi yake kufunga mifuko ya mikate. Posho ya zamu ya usiku ikaondoka. Hamira hasemi sana kuhusu pesa. Kilichomtesa ni kiti.

"Unakaa hapo, mkate unakuja kwako ungali na joto," anasema. "Unaushika. Unaunusa. Unaufunga. Unakuja mwingine. Kutwa nzima. Mtu mwenye kisukari! Ni kama kumpa mlevi kazi ya kumimina."

Kwa hiyo jioni alikuwa akifika nyumbani roho juu, hashikiki. Ndiyo sababu ikabidi chakula chake kiwe cha haraka. Kikichelewa, anasema, miguu yenyewe ilimpeleka dukani.

Lakini haraka hiyo ilimponza kwanza. Baada ya kutoka hospitali aliamua kuumaliza ugonjwa kwa mkupuo. Kama wanga ni adui, akajiambia, basi njaa ni dawa. Akawa anameza vidonge asubuhi, anakunywa chai kavu na kushinda hivyo hivyo. Siku moja mchana, akiwa amelala kochini, binti alimkuta ametota jasho, anatetemeka, anazungumza maneno yasiyoeleweka.

"Aliniita kwa jina la shangazi," anasema binti. "Mikono inacheza tu. Nikampigia muuguzi wa kliniki. Akaniuliza, anaweza kumeza? Nikasema ndiyo. Akasema mpe maji yenye sukari sasa hivi, halafu mlete."

Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Muuguzi alimgombeza Hamira mbele ya foleni nzima, mwanamume mzima mwenye mvi, mpaka wagonjwa wengine wakamwonea huruma. Alimwambia dawa hazichezewi, chakula hakirukwi, na kwamba hakuna aliyemwambia ajiue kwa njaa. Kisha akachukua karatasi na kuchora sahani: nusu mboga, robo nyama au samaki au mayai, na ile robo iliyobaki wataizungumzia kila akija kupima.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Hamira. "Lakini yule dada aliniokoa. Nilikuwa nagombana na ugonjwa kama ninavyogombana na kila kitu, kwa papara."

Nyama sasa inageuzwa. Upande ulioiva una rangi ya ukoko wa mkate, ingawa Hamira mwenyewe hapendi kuusema ulinganisho huo. Anatupia vitunguu saumu vilivyopondwa na kijiko cha siagi, anainamisha kikaango na kuimwagia nyama ile siagi kwa kijiko, mara kadhaa, upesi upesi. Kazi hiyo inampendeza kwa sababu mikono ina la kufanya.

Anaitoa nyama na kuiweka kwenye sahani. Katika mafuta yale yale zinaingia pilipili hoho, maharage mabichi na biringanya zilizokatwa vipande. Kabichi inaingia mwisho kabisa, inageuzwa mara mbili tatu tu na kutolewa ingali na ukakamavu. Kabichi hiyo ndiyo inayokaa mahali palipokuwa pa wali.

Si kila jioni wanakula hivi. Steki ni chakula cha siku ya mshahara na siku nyingine moja mbili katikati. Siku zilizobaki ni mayai, maini au samaki mdogo. Namna ya kupika haibadiliki, anasema. Kikaango kimoja, moto mkali, mboga nyingi, mezani.

Kilichokuwa kigumu kuliko kupika, wanakubaliana wote, ni kula. Familia hii ilikuwa inakula kwenye sinia moja. Hamira alipoanza sahani yake ya peke yake alijiona mgeni. Akawa anakula amegeukia ukuta. Akawa mkali kwa mambo madogo, mlango ukifungwa kwa nguvu anapiga kelele, redio ikiwashwa anaizima. Wengine walikula wali wao kimya, wakijisikia wezi.

Kisha ikaja siku ya shati. Mkewe alikuwa akilifua, akaingiza mkono mfukoni na kukuta makombo ya mkate. Mfuko mwingine, makombo. Alimfuata mumewe ukumbini na shati likichuruzika maji.

"Umekula mkate."

"Nimeonja tu. Ni kazi yangu kuonja."

"Kazi yako sasa ni kufunga mifuko."

Hamira anasema neno hilo lilimchoma kuliko bati la tanuri. Aliinuka, akataka kutoka nje. Mkewe hakumzuia. Alikaa chini sakafuni, akamwambia, "Kabla hujaenda, nipe mguu nibadilishe bandeji."

Akampa. Mkewe akaifungua, akakiangalia kidonda muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo Hamira anayarudia leo akitazama pembeni: "Nikuambie kitu, baba watoto. Nimeshona sare za watoto wa watu miaka yote hii, sijawahi kukulalamikia. Lakini kuwa mjane kwa sababu ya mkate, sitaki. Kama unataka kufa, tafuta sababu kubwa zaidi."

"Nilianza kucheka," anasema Hamira. "Halafu nikaona yeye hacheki."

Kesho yake aliporudi kutoka kazini alikuta sinia imerudi mezani. Ndani yake hakukuwa na wali. Mkewe na binti walikuwa wameamua, bila kumuuliza, kwamba chakula cha jioni kitakuwa kimoja kwa wote. Anayetaka wali atakula mchana huko aliko. Binti anakiri kwamba wiki ya kwanza alikuwa anaota viazi.

Hamira naye alikwenda kwa msimamizi, akamwomba amtoe kwenye mifuko. Haikuwa rahisi, anasema, kumweleza bosi kwamba mtu wa makamo anashindwa kukaa karibu na mkate. Msimamizi alimtazama, akamwambia hata baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Sasa Hamira anafundisha wapya kupima unga na kuchanganya, akiwa amekaa, mguu juu ya kreti. Bado anainuka mara kwa mara. Wapya wamepewa ruhusa ya kumfokea.

Chakula kiko mezani. Nyama imekatwa vipande vyembamba, katikati yake bado kuna wekundu wa mbali, na mchuzi wake umetiririkia mbogani. Mkewe anakamulia ndimu juu. Wote wanaanza kula. Mguu wa kushoto wa Hamira, ambao tangu alasiri umekuwa ukigongagonga sakafu, umetulia.

"Leo umeipatia," mkewe anasema.

"Chumvi je?"

"Nimesema umeipatia, kula."

Kipimo cha sukari mwezi uliopita kilishuka. Kidonda kimepungua, lakini hakijafunga. Kliniki ni wiki ijayo, na hilo ndilo linalomnyima usingizi: daktari anaweza kusema avae kiatu cha kawaida, au anaweza kusema neno jingine. Hamira hataki kulitamka hilo neno jingine. Akiulizwa, anaokota sahani na kwenda kuziosha.

Simu inaita akiwa bado na povu mikononi. Binti anaiweka kwenye spika. Ni mama yake Hamira, kikongwe anayeishi mlimani, mahali ambapo gari linaishia darajani na kuanzia hapo ni mawe na kupanda. Hashuki tena huko, magoti yamekataa. Mwanawe hajapanda tangu mguu uugue.

"Unakuja lini?" sauti inauliza, bila salamu.

"Mguu ukipona, mama."

"Ulisema hivyo mvua zilizopita."

"Najua, mama. Safari hii unakaribia."

"Kuna vijana hapa wenye mabega. Nitawatuma darajani wakubebe."

"Sibebwi, mama."

Mpango anao, na anaueleza akiwa ameegemea karo. Daktari akimruhusu, ataanza kwa kutembea hadi kona ya mtaa na kurudi, kisha hadi bucha, kisha kiwandani. Kiangazi kikikolea atafika darajani asubuhi mapema na mkewe, wapande kidogokidogo, wapumzike kila atakapotaka yeye au mguu. Hata ikiwachukua kutwa nzima. Anataka mama yake amwone akitokea kwenye kona ya mwisho, amesimama.

Mkewe anamsogezea kigoda, kisha anavuta na kiti mbele yake na kukigonga kwa kiganja. Hamira anasitasita, anakaa kigodani, anauinua mguu na kuulaza juu ya kiti.

"Bado uko hapo?" mama anauliza kwenye simu.

"Nipo, mama. Nimekaa."

"Wewe? Umekaa?" Upande wa pili kunasikika kicheko cha kizee. "Basi njoo polepole, mwanangu. Lakini njoo."